Wembe wa babu wenye chapa ya Sheffield: usiuguse kabla hujausoma

SWALI: Nimerithi wembe wa kukunja wa babu mzaa baba, aliyekuwa kinyozi hapa Tanga kabla ya Uhuru. Shingoni upande mmoja umeandikwa I*XL GEORGE WOSTENHOLM, upande wa pili SHEFFIELD ENGLAND. Bapa lina madoa ya kutu, karibu na ncha kuna pengo dogo, na kuna maandishi ya rangi ya dhahabu yaliyofifia. Mpini ni mweupe wa maziwa, una mistari mistari, na watu wananiambia ni pembe ya ndovu. Fundi mmoja yuko tayari kuupiga mashine ung'ae kama mpya. Je, ni wa miaka gani? Naweza kuunyolea? Na nikitaka kukusanya nyingine, nianzie wapi?

JIBU: Ndugu yangu wa Tanga, kwanza mwambie huyo fundi wa mashine asubiri, na ikiwezekana asubiri moja kwa moja. Sina ugomvi na watu wa grenda. Mageti na mapanga wanayaweza. Lakini wembe wa aina hii una vitu viwili ambavyo vikishapotea hakuna wa kukurudishia: ugumu wa feleji uliotiwa kiwandani, na chapa. Mpini hutengenezwa mwingine, ribiti hupigwa nyingine, mng'ao hutafutwa. Hivyo viwili havirudi, na mashine huviondoa vyote kwa dakika chache.

Chapa kufutika kila mtu anaielewa. Ugumu ndio unaowaponza wengi, kwa sababu ukipotea hauonekani. Feleji ya wembe hupashwa moto mpaka iwe nyekundu, huzimishwa ghafla ili iwe ngumu, kisha hupashwa tena kwa joto dogo, karibu nyuzi 200 za Selsiasi, ili isikatike kama kioo. Ukilivuka joto hilo la pili, ugumu unaanza kushuka. Ukingo wa wembe ni mwembamba mno, kwa hiyo gurudumu la kung'arishia linaweza kuufikisha huko kabla hujahisi chochote mkononi. Chuma chenyewe hutoa ishara kwa rangi: manjano ya majani makavu kwenye nyuzi 220 na ushee, kahawia kwenye 250 hivi, zambarau kwenye 280, buluu kwenye 300. Ukingo ukishageuka buluu, sehemu hiyo haishiki tena makali. Itanolewa asubuhi, na mashavu mawili baadaye ni butu. Ndiyo maana kazi yote nitakayokueleza hapa ni ya mkono mtupu. Vidole vikianza kuungua umesimama zamani, na feleji bado iko salama.

Sasa tuusome.

Sheffield, kaskazini mwa Uingereza, ulikuwa mji wa visu karne nyingi kabla ya viwanda vikubwa. Kilichouinua juu ya wengine ni kazi ya Benjamin Huntsman, mtengeneza saa aliyetafuta chuma kizuri cha springi zake. Katika miaka ya 1740 alifaulu kuyeyusha feleji ndani ya vyungu vya udongo, ikatoka feleji safi isiyo na matabaka wala takataka ndani. Wembe hauvumilii takataka: punje moja ya uchafu ikifika kwenye ukingo, hapo ndipo makali yatakapobanjuka. Ukikutana na chapa ya CAST STEEL kwenye wembe wa Sheffield, muuzaji alikuwa anajisifia hiyo feleji ya vyunguni.

George Wostenholm walikuwa miongoni mwa wakubwa wa mji huo. Alama ya I*XL waliipata mwaka 1826, na mwaka 1848 wakahamia kiwanda walichokiita Washington Works. Hilo jina la rais wa Marekani halikuwekwa kwa bahati. Soko lao kubwa lilikuwa ng'ambo ya Atlantiki, na George Wostenholm mwenyewe alivuka bahari hiyo mara nyingi kutafuta wateja. Na soko hilo hilo ndilo linalotusaidia kukadiria umri wa wembe wako. Sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890, inayojulikana kwa jina la McKinley, ilidai kila bidhaa ya kigeni iandikwe nchi ilikotoka, na dai hilo likaanza kutekelezwa Machi 1891. Kabla ya hapo mafundi wa Sheffield waliridhika kuandika SHEFFIELD tu. Nani asiyejua Sheffield iko wapi? Baada ya hapo neno ENGLAND likaenea kwenye shingo za nyembe, hata zile zilizokwenda kwingine, kwa kuwa hakuna kiwanda kilichotaka kutunza mihuri miwili.

Kwa hiyo wako, kwa kauli yangu, ni wa baada ya 1891. Kikomo cha juu ni kigumu zaidi. Gillette alianza kuuza mashine yake ya kunyolea yenye wembe wa kubadilisha mwaka 1903, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza wanyoaji wa nyumbani walihamia huko kwa wingi. Vinyozi waliendelea na wembe wa kukunja miongo kadhaa baadaye. Babu yako akiwa kinyozi, angeweza kuununua mpya katika miaka ya 1920 au 1930, au kuupokea kwa aliyemfundisha kazi ukiwa tayari mzee. Huo umri wa pili hakuna chapa itakayokuambia. Waulize wazee wa ukoo wangali wapo.

Tazama pia umbo. Shika wembe uutazame kwa mbele, ncha ikikuelekea. Pande zote mbili za bapa zikishuka moja kwa moja toka mgongoni hadi kwenye makali, hiyo ni kabari, namna ya zamani. Pande zikiwa zimebonyea kwa ndani, limechimbwa kwa gurudumu dogo la jiwe. Uchimbaji wa kina, ule unaoacha bapa jembamba kiasi cha kulia ukiligonga kwa ukucha, ulikolea nusu ya pili ya karne ya 19, na Solingen ya Ujerumani ndiyo iliyosifika zaidi kwa kazi hiyo. Sheffield walibaki na mapenzi ya mabapa mazito. Nadhani lako limechimbwa kiasi tu, nusu ya njia.

Na kwa kuwa unataka kukusanya, shika dalili hizi za nyembe za zamani zaidi. Wembe wa karne ya 18 mara nyingi hauna mkia, au una kisiki kifupi nyuma ya ribiti. Ule mkia mrefu uliopinda, wa kuwekea kidole, ulikuja kurefuka mwanzoni mwa karne ya 19. Herufi mbili na taji kati yake ni za mfalme au malkia wa wakati huo: W na R ni William wa Nne, 1830 hadi 1837, na V na R ni Victoria, 1837 hadi 1901. G na R zitakuchanganya, kwa sababu akina George walikuwa wengi kabla na baada ya hao. Chapa ya SILVER STEEL isikufanye utafute sonara. Michael Faraday, yule wa umeme, akishirikiana na mtengeneza visu James Stodart wa London, alijaribu kuchanganya feleji na fedha kidogo sana mwanzoni mwa miaka ya 1820. Habari zikaenea, na wafanyabiashara wakaanza kugonga jina hilo kwenye nyembe ambazo sidhani kama ziliwahi hata kupita karibu na fedha.

Mpini wako umenifanya nisome swali mara mbili, kwa sababu hapo kuna sheria ndani yake. Uvumi wa pembe ya ndovu si wa ajabu. Karne ya 19 Zanzibar ilikuwa soko kuu la pembe za ndovu katika upande huu wa Afrika. Misafara ilizishusha kutoka Ujiji na Tabora hadi Bagamoyo, zikavuka kwenda kisiwani, na kutoka hapo zikasafiri Bombay, London na Connecticut, kule walikozichonga funguo za piano. Sheffield nao walizihitaji kwa mipini ya visu na nyembe. Kwa hiyo inawezekana kabisa pembe ikatoka bara letu, ikaenda Uingereza, ikarudi imeshikilia wembe.

Lakini kwa wembe wa baada ya 1891 mimi nashuku seluloidi kwanza. Plastiki hii ya awali ilianza kutengenezwa kibiashara Marekani miaka ya 1870, na mpaka mwisho wa karne ilikuwa imejaa kwenye mipini ya nyembe, ikiigiza pembe ya ndovu, gamba la kasa, hata marumaru. Chukua lenzi utazame ile mistari. Ikiwa imenyooka, sambamba, na nafasi zake zinalingana toka mwanzo hadi mwisho, hiyo ni seluloidi, maana pembe halisi haina nidhamu ya namna hiyo. Pembe ya ndovu ina mistari ya mawimbi mawimbi kwa urefu, na pale ilipokatwa mwishoni unaweza kuona mistari inayopishana kama wavu. Mfupa una vidoa au vijistari vyeusi, mabaki ya njia za damu. Kisha sugua mpini kwa nguvu kwa kidole gumba mpaka upate joto, unuse haraka: seluloidi inanuka kafuri, kwa kuwa kafuri imo ndani yake. Kama duka la jirani lina taa ya kukagulia noti, omba uuweke chini yake. Pembe na mfupa hung'aa weupe wa buluu. Seluloidi hubaki imefifia au huwa ya kimanjano. Watu watakushauri uchome kwa sindano ya moto. Kataa. Seluloidi hushika moto kwa kasi ya kutisha, na pembe utakuwa umeitia kovu bure.

Ikionekana kuwa ni pembe ya ndovu kweli, wembe usiuuze, usiutume kwa posta, wala usiuvushe mpaka. Biashara ya kimataifa ya pembe za tembo wa Afrika ilipigwa marufuku chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa uamuzi wa mwaka 1989, na kwetu Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inagusa hata umiliki wa nyara bila kibali. Kwamba ni ya babu, na ni ya kale, si hoja ya kujitetea nayo mbele ya askari. Nenda mwenyewe ofisi ya wanyamapori, TAWA, uulize jinsi ya kuihalalisha, kabla hujaulizwa. Walioko Kenya wana sheria yao ya 2013 na shirika lao la wanyamapori, KWS, nayo haina masihara. Gamba la ng'amba liko kwenye kapu hilo hilo.

Ikiwa ni seluloidi, una kazi nyingine: kuikagua kama haijaanza kuoza. Seluloidi inayokufa hutoa mvuke wenye tindikali. Utaona mpini unatoa jasho, nyufa ndogo ndogo kama za udongo mkavu, ukijani kwenye ribiti, na kutu kwenye bapa pale pale tu linapolala ndani ya mpini huku sehemu nyingine ni safi. Huo ni ugonjwa, na hauna dawa. Mvuke wake unaharibu na nyembe za jirani, kwa hiyo mpini wa namna hiyo unaondolewa, unapigwa picha kwa kumbukumbu, na wembe unavikwa mwingine wa pembe ya ng'ombe au wa mpingo. Kama mpini wako ni mzima, uache ulivyo.

Tuje kwenye kutu. Kuna kutu nyekundu, ya unga unga, na hiyo lazima itoke kwa sababu inaendelea kula. Kuna weusi uliokaza, laini kwa mguso, ambao umetulia na kwa kiasi fulani unalilinda bapa. Huo mimi nauacha, na ninajua wengi hawakubaliani nami. Mtu akiniletea wembe wa miaka mia unaong'aa kama kioo cha saluni, najua tayari kwamba kuna chuma kimeondolewa, kona za mgongo zimelegezwa, na herufi zimekuwa nyembamba. Mkusanyaji mzoefu atakulipa kidogo zaidi kwa huo kuliko kwa wenye madoa yake halali.

Kabla ya kusugua, tafuta ufa. Huu ndio ukaguzi utakaoamua kama wembe huo utagusa shingo ya mtu. Gonga bapa taratibu kwa ukucha: zima hulia sauti ndefu, lenye ufa hukata sauti. Kabari hailii sana hata ikiwa nzima, kwa hiyo usitegemee sikio peke yake. Pakaza mafuta mepesi ya cherehani pande zote, ngoja robo saa, pangusa mpaka pakauke, kisha nyunyizia vumbi la chaki. Palipo na ufa, mafuta yatajipenyeza tena juu na kuchora mstari kwenye chaki. Ufa unaoanzia kwenye makali hauzibiki. Wembe huo ni wa kuweka kabatini.

Ukiwa mzima, fungua bapa, lilaze juu ya kipande cha ubao, ulibane kwa tepu, na ukingo wa makali uufunike kwa tepu pia. Vidole vingi vimekatika wakati wa kusafisha kuliko wakati wa kunyoa. Anza na mafuta na kitambaa cha pamba, ukirudia, siku mbili tatu ukitaka. Utashangaa kutu nyingi inavyokubali kuondoka kwa mafuta na subira tu. Palipokataa tumia msasa wa maji, ule wa mafundi rangi wa magari, namba 1000, umeuviringisha kwenye kifutio cha mwanafunzi ili ukandamizaji uwe sawa. Ukishindwa shuka hadi 600, kisha upande tena 1000 na 2000. Namba ndogo kuliko 600 sioni sababu yake kwenye wembe huu. Stilwaya ya kusugulia sufuria inaacha mikwaruzo ya ovyo, na ndimu, siki au maji ya betri vitaitoa kutu na kuacha chuma cha kijivu chenye chunusi, huku vikiingia kwenye ribiti usikoweza kuvifuata.

Mashimo yaliyobaki baada ya kutu kutoka yaache, isipokuwa yanapokaribia makali. Shimo likifika kwenye makali huwa pengo.

Shingo yenye chapa usiitie msasa hata kidogo. Mafuta, kijiti cha meno kilichochongwa, basi. Na yale maandishi ya dhahabu ni utando mwembamba mno. Brasso ikiyapitia mara moja hutayaona tena. Pangusa juu yake kwa pamba yenye mafuta na uendelee na maisha. Kwenye ribiti dondosha tone la mafuta kila upande, kisha pitisha uzi uliolowa mafuta kati ya shingo na mpini, uuvute huku na huku kama unasafisha katikati ya meno. Sishauri uzitoe ribiti kama bapa linafunga katikati bila kugusa upande wowote. Ribiti za kiwandani ni sehemu ya ushahidi kwamba mpini na bapa vilizaliwa pamoja. Kitu kingine: kile kikabari kidogo kilichobanwa mwishoni mwa mpini, kwenye nyembe nyingi za Sheffield zenye mpini wa pembe ya ng'ombe, ni cha risasi. Ukikikuta kwenye wembe mwingine, usikipige msasa ukavuta vumbi lake.

Pengo lako sasa. Hapa lazima nikueleze jinsi wembe unavyofanya kazi, kwa sababu ukishaelewa utaamua mwenyewe. Ukinoa kisu, pembe ya kunolea unaishika kwa mkono. Wembe haufanyi hivyo. Unaulaza kwenye kinoo, mgongo na makali vyote vikigusa jiwe, na unene wa mgongo ndio unaopanga pembe. Wembe wa upana wa milimita 19, ambao wakusanyaji huuita wa thumuni sita za inchi, wenye mgongo wa milimita 5.5, unatoa makali ya nyuzi 16 na nusu hivi. Hapo ni pazuri. Ukiusaga kuondoa pengo la milimita mbili, upana unabaki 17 na pembe inapanda hadi kama 18 na nusu. Bado unanyoa. Ukifika 15, umevuka nyuzi 21, na huo hautelezi tena, unakwangua. Kwa hiyo pengo la nusu milimita karibu na ncha linaondoka bila madhara, na wakati mwingine kuizungusha ncha kidogo kunatosha bila kugusa upana wote. Pengo la milimita tatu katikati ya bapa mimi singelifuata. Ningeuweka wembe kama kumbukumbu ya babu nikanunua mwingine wa kunyolea.

Kwa kunoa unahitaji mawe yaliyonyooka kabisa. Kinoo cha sokoni, kile kilichobonyea katikati kwa visu vya samaki, kitakuharibia mstari wa makali. Mawe ya maji yanauzwa kwa namba kama msasa: 1000 ya kutengeneza ukingo mpya, 4000 na 8000 ya kuulainisha, 12000 ya kumalizia. Lisawazishe jiwe kwa kulisugua kwenye msasa uliolazwa juu ya kioo kinene. Bandika tabaka moja la tepu ya umeme kwenye mgongo ili usilike. Paka ukingo wino wa maka peni, piga mpigo mmoja mwepesi, utazame wino umetoka wapi. Ukitoka kwenye ukingo wenyewe, toka kisigino, yaani mwisho wa makali upande wa shingo, hadi ncha, uko sawa. Ukibaki, bado hujafika kwenye makali, na kwenda kwenye jiwe laini zaidi ni kupoteza muda. Uzito wa wembe unatosha; mkono wako uongoze tu. Wengi hukwama kwa kukimbilia jiwe la 12000, wakati kazi yote iko kwenye lile la 1000.

Baada ya mawe ni mkanda wa ngozi. Hapo mwelekeo unageuka: kwenye jiwe makali yanatangulia, kwenye ngozi mgongo unatangulia, na mwisho wa mkanda unaupindua wembe kwa kuuviringisha juu ya mgongo wake. Ukiupindua kwa upande wa makali utaukata mkanda na kuyakunja makali kwa mara moja. Mipapaso hamsini, mkanda umevutwa ukakaza. Kila siku kabla ya kunyoa unarudia, na jiwe unalitembelea mara chache tu kwa mwaka.

Je, unyolee? Ukipita majaribio ya ufa na ya upana, ndiyo, wewe peke yako. Usimnyolee mtu mwingine. Katikati ya mabamba ya mpini kuna nafasi usiyoweza kuitakasa vizuri, na kirusi cha homa ya ini aina ya B kinaweza kuishi juu ya kitu kikavu kwa siku saba au zaidi. Vinyozi waliohamia kwenye nyembe za kubadilisha walikuwa na sababu. Kwa wembe uliokaa sandukuni miongo kadhaa virusi si hofu, lakini osha kwa sabuni na maji ya vuguvugu, pangusa kwa spiriti, kausha hapo hapo. Jiki usiitumie, inakula feleji.

Anza na mashavu, wembe ukiwa umeinama kiasi cha nyuzi 30 kutoka kwenye ngozi, ukifuata ndevu zinakolala. Ndevu zetu za kujikunja zina tabia ya kurudi ndani ya ngozi zikikatwa chini mno, na hapo ndipo vipele vya kidevu na shingo vinapotoka. Kwa hiyo usiivute ngozi sana, na usirudi kinyume cha ndevu kutafuta ulaini wa shavu la mtoto. Shingo iache mpaka mkono uzoee.

Kuhusu kukusanya: nunua hali ya wembe kabla ya jina lake. Joseph Rodgers wenye nyota na msalaba, Wade & Butcher wenye mabapa mapana, ni majina makubwa ya Sheffield, lakini Rodgers iliyolika mgongo haina faida kuliko wembe wa kiwanda kisichojulikana ulio mzima. Tazama bamba bapa linalong'aa kando ya mgongo: likiwa pana, au pana upande mmoja na jembamba wa pili, wembe umenolewa kwa nguvu miaka mingi. Tazama mstari wa makali dhidi ya mwanga; ukijikunja kwa ndani kama uso ulionuna, utalazimika kuusaga wote. Kwa anayeanza na anataka kunyolea, Solingen ndiyo njia rahisi zaidi, kwa sababu mabapa yake yaliyochimbwa yana chuma kidogo cha kunoa. Alama ya mapacha ya Henckels, kiwanda cha huko Solingen, ya tangu 1731, utaiona kila mahali. Na kwa kuwa Tanga ilikuwa mikononi mwa Wajerumani mpaka 1916, sitashangaa masanduku ya zamani ya mji wenu yakitoa Solingen kabla ya Sheffield. Nyembe za Eskilstuna ya Uswidi ndizo ninazozipenda mimi, kwa ugumu wake, ila huku kwetu ni adimu. Jihadhari na zile mpya za bei poa zenye mapambo mengi na chuma laini. Hizo hazinoleki mpaka upate kichaa.

Hewa ya bahari ndiyo adui wenu huko. Baada ya kila matumizi kausha bapa, lipapase kwenye ngozi, pakaza utando wa mafuta ya cherehani au Vaselini, na usiuhifadhi bafuni wala kwenye kifuko cha ngozi, kwa kuwa ngozi hutunza unyevu. Sanduku kavu lenye vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya linatosha.

Kwa sasa pima vitu viwili kwa kipimo cha vernia: unene wa mgongo katikati, na upana toka mgongoni hadi kwenye makali pale palipo na pengo, na pale pasipo. Piga picha ya karibu ya mwisho wa mpini ulipokatwa, na nyingine ya shingo pande zote mbili, kwenye mwanga wa dirishani bila flashi. Ukinipatia hivyo nitakuambia mpini ni wa nini, na kama pengo hilo ni la kusaga au la kuliacha.